Joe Colombo: viti kama mofimu

Kwetu Likasi, saloni ni chumba na ni viti vyake pia, kana kwamba haviachani. Kwenye kilio cha babu, fotei zetu zilikuwa nzito mno kuzitoa uani; wazee waliketi mikekani. Ndipo nilipomfikiria Joe Colombo, mzaliwa wa Milano, 1930. Aliacha uchoraji, akawa mbunifu wa vyombo vya nyumbani. Mnamo 1967–68 alibuni Additional System: mito ya ukubwa mbalimbali, unaiunganisha upendavyo, ikawa kiti au kochi refu. Ni kama mofimu zetu: chache, lakini maneno hayaishi. Alifariki tarehe 30 Julai 1971, siku aliyotimiza miaka 41. Alitaka viti vimfuate mtu. Kwetu bado mtu hufuata saloni.