Krapf wa Rabai: mipango ilipovunjika, kazi ikabaki

Ndugu msikilizaji, kila baada ya kipindi chetu cha Jumapili asubuhi kuna ujumbe wa aina moja ambao haukosi kuingia kwenye simu ya studio. Mtu ameomba, amepanga, amejitoa, halafu mlango umefungwa. Sasa anauliza kama Mungu alikuwa anamwongoza kweli, au alikuwa anajidanganya mwenyewe.

Sitajaribu kujibu kwa hubiri, maana mimi ni mtangazaji tu, si mchungaji. Leo nakuletea maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulilisikia shuleni, kwenye somo la historia, kama mmisionari na mpelelezi aliyeuona Mlima Kenya. Hatukuambiwa sana kwamba karibu kila mpango mkubwa alioupanga ulivunjika.

Kijana na ramani

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na miaka kama 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaugua miezi mingi. Akiwa kitandani hapo ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa bidii.

Baadaye akiwa shuleni alipata kitabu cha ramani. Alipotazama upande wa mashariki wa Afrika aliona eneo kubwa ambalo karibu halikuandikwa jina lolote. Pengo lile likamkaa moyoni. Watu walikuwepo, bila shaka, na majina yao na falme zao na njia zao za biashara. Ila waliochora ramani kule Ulaya hawakuwajua.

Mwaka 1827 akajiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Usidhani kwamba tangu hapo njia ilinyooka. Aliingiwa na shaka kama kweli ameitwa, akaacha. Akasoma theolojia Tübingen, akahudumu kanisani kwao. Ilichukua miaka kadhaa kabla hajakubali tena. Mwaka 1837 shirika la CMS la Uingereza likamtuma Uhabeshi, nchi tunayoiita leo Ethiopia.

Mlango wa kwanza

Huko kaskazini mwa Uhabeshi yeye na wenzake walifukuzwa mwaka 1838. Akazunguka, akaingia ufalme wa Shoa. Hapo akawafahamu Waoromo, na hapo ndipo mpango mkubwa wa maisha yake ulipozaliwa. Aliamini kwamba Waoromo wakiipokea Injili, wao ndio watakaoipeleka kwa watu wengine wa Afrika. Akajifunza lugha yao, akaanza kuitafsiri Injili.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani akanyang'anywa karibu kila kitu. Walifunga ndoa Misri, kisha wakajaribu kurudi pamoja Shoa. Wakazuiwa. Katika safari hiyo ya kurudi nyuma, nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto aliishi muda mfupi tu. Wakampa jina la Eneba, maana yake chozi.

Mtu mwingine angesema basi. Krapf alisema kama mlango wa kaskazini umefungwa, ataingia kwa Waoromo kupitia kusini. Ndiyo maana alikuja pwani yetu. Kumbuka jambo hilo, msikilizaji: Mombasa haikuwa mwisho wa safari katika mpango wake. Ilikuwa kituo cha kupitia.

Mombasa, Julai 1844

Mwanzoni mwa mwaka 1844 alifika Unguja. Sultani Sayyid Said akampokea na kumpa barua ya kumtambulisha kwa watawala wa pwani. Mwezi Mei yeye na Rosine wakahamia Mombasa. Akaanza kujifunza Kiswahili mara moja, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa mwanazuoni wa Kiislamu wa mji ule. Naona vizuri kulitaja hilo, maana mara nyingi husahaulika.

Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani. Siku hizi tungeipima na kuiita malaria. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba inaletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya.

Rosine alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike wa pili. Mume kitanda hiki, mke kitanda kile, wote wanatetemeka. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilimbidi ajikokote kwenda kuhakikisha kwamba mkewe amekufa kweli. Siku chache hazikupita, na mtoto akamfuata mama.

Kabla ya kufa Rosine alikuwa ameomba azikwe ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, karibu na njia wanayopita watu wa Mijikenda, ili kaburi lake liwe kumbukumbu kwao ya kilichowaleta. Akazikwa huko. Kaburi hilo lipo mpaka leo, upande wa Nyali.

Krapf akauandikia uongozi wa shirika lake Uingereza. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliwaambia kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza, na akawahimiza walete watu wengine.

Hapa wasikilizaji hugawanyika. Wako wanaosema hiyo ni imani. Wako wanaosema ni ukaidi wa mwanamume aliyemleta mkewe mjamzito mahali pa hatari. Mimi naona kila upande una neno. Rosine alikuwa na wito wake mwenyewe, na alikuja kwa hiari yake. Lakini gharama ilikuwa kubwa, na si haki kuipita haraka haraka ili tufike kwenye fundisho.

Rabai

Johannes Rebmann, kijana Mjerumani mwenzake, alifika Juni 1846. Mwezi Agosti wakahamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, baada ya wazee wa Kirabai kuwakubalia. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Krapf mwenyewe aliona kwamba ni nadra kazi ya namna hiyo kuanzishwa na watu dhaifu kiasi kile.

Matunda yalikuwa machache mno. Miaka ilipita, na waliobatizwa hawakumaliza vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu na maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa.

Krapf hakuweza kutulia. Alitaka mnyororo wa vituo vya misheni, kutoka Mombasa kukata bara zima mpaka pwani ya magharibi. Mwaka 1848 alikwenda Usambara, akapokewa vizuri na Mfalme Kimweri huko Vuga. Mwaka huohuo Rebmann akauona Kilimanjaro. Mwaka 1849 Krapf alikwenda Ukambani, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Walipoandika Ulaya kwamba karibu na ikweta kuna milima yenye theluji, baadhi ya wataalamu wa jiografia waliwacheka.

Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye aliamini kukaa mahali pamoja na kungoja. Wawili hawa walipendana, lakini juu ya jambo hili hawakuelewana. Mmoja alikuwa akitazama upeo wa macho, mwingine kiwanja cha nyumba.

Maji ndani ya bunduki

Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya na mwaka uliofuata akarudi na wasaidizi wapya. Mmoja alifariki muda mfupi baada ya kufika. Wengine waliugua homa, na baadhi yao wakarudi kwao. Mnyororo ukakatika kabla pete ya pili haijafungwa.

Hata hivyo akaenda tena Ukambani, safari hii akitaka kuanzisha kituo. Yeye na Kivoi wakaelekea Mto Tana. Karibu na mto, kundi la wanyang'anyi likawavamia. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini.

Kiu ikamshika. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu wala chombo. Akajaza maji katika mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akayabeba hivyo. Bunduki aliyoichukua kwa ulinzi ikawa mtungi. Alitembea usiku, akajificha mchana, mpaka akafika kwa watu na hatimaye Rabai. Hakuna kituo kilichojengwa.

Kurudi

Mwaka 1853, afya ikiwa imeharibika, aliondoka. Alijaribu kurudi kwa kupitia Uhabeshi, mwili ukakataa. Akakaa Kornthal, kijiji cha Wakristo kule kwao. Alirudi pwani mara moja tu, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akaondoka tena.

Hesabu naye, msikilizaji. Shoa: alifungiwa. Waoromo, ambao kwa ajili yao alikuja pwani: hakufanikiwa kuishi kwao tena. Mnyororo wa kukata bara: haukuwepo. Mke na watoto wawili: makaburini. Kama ungemuuliza mtu mwaka 1853 kama Mungu alimwongoza Krapf, angeona shida kujibu.

Kule Kornthal alikuwa na madaftari. Tangu ile Juni ya 1844 alikuwa akiandika maneno ya Kiswahili, kama mtu anayeandaa jembe kabla ya kulima. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850. Kabla yake Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa karne nyingi, lakini kwa herufi za Kiarabu. Krapf alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukiandika kwa mpangilio kwa herufi za Kilatini, hizihizi unazozisoma sasa kwenye simu yako.

Aliendelea na kamusi mpaka uzeeni. Tarehe 26 Novemba 1881 alifariki. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882, yeye hakuishika mkononi. Wataalamu wa Kiswahili bado wanaifungua wakitaka kujua watu wa Mombasa walisemaje wakati ule. Wengine walikuja baada yake, akiwemo Askofu Edward Steere wa Unguja, na mwaka 1891 Biblia nzima ikapatikana kwa Kiswahili.

Na Rebmann? Alibaki Rabai miaka 29. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa Kornthal mwaka uliofuata. Mwaka uleule alioondoka, kijiji cha Frere Town kilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Rabai nayo ikawa kimbilio, na kanisa lililokuwa na watu wa kuhesabika likajaa. Leo ukifika Rabai utakuta kanisa na makumbusho.

Kumwachia Mungu ni kufanya nini?

Ninapoyasoma maisha haya, jambo moja linanigusa. Krapf alikuwa na hakika kwamba Mungu anamtuma kwa Waoromo. Upande huo hakufika. Kwa hiyo kuongozwa na Mungu si kujua kabla ya wakati mambo yatakuwaje. Mtu wa imani kabisa anaweza kukosea ramani.

Pia kumwachia Mungu si kuacha kupanga. Krapf alipanga mpaka alipozeeka. Tofauti ilikuwa pale mpango ulipoondolewa mikononi mwake. Alilia, aliugua, alibadili njia. Lakini asubuhi alifungua daftari akaandika maneno mengine. Kazi ndogo aliyoidhani ni ya maandalizi ndiyo iliyobaki.

Nionye kidogo hapa. Si kila mlango uliofungwa umefungwa na Mungu. Mingine inafungwa na uzembe, au na watu wasio na haki, na hiyo tunapaswa kuigonga. Na Krapf hakuwa na njia ya kujua homa inatoka wapi. Sisi tunajua. Mzazi anayemkabidhi Mungu mtoto mwenye homa, amkabidhi akiwa njiani kwenda zahanati, na usiku alale naye ndani ya chandarua.

Kwa wewe uliyetuandikia kwamba umeomba na mlango umefungwa, sina uhakika wa kukupa kuhusu mlango ule. Nakuuliza swali moja tu. Katika kungoja kwako, kuna kazi gani ndogo iliyo mkononi mwako leo, ambayo unaiona ni ya kupitia tu? Usiitupe. Rosine alizikwa kando ya njia ya kupita, na watu bado wanalitembelea kaburi lake.