Agoston Haraszthy

Agoston Haraszthy (Pest, Hungaria, 30 Agosti 1812 – Nikaragua, 6 Julai 1869) alikuwa mkulima na mfanyabiashara aliyechangia sana kuanzisha kilimo cha zabibu za divai katika jimbo la California, Marekani.

Maisha

Alimwoa Eleonora Dedinszky mwaka 1833. Mwaka 1840 alikwenda Marekani, kisha akarudi kuichukua familia yake pamoja na wazazi wake. Wakakaa Wisconsin, alikoshiriki kuanzisha mji unaoitwa leo Sauk City. Alipanda mizabibu huko, lakini baridi kali iliishinda.

Mwaka 1849 familia ilihamia San Diego, ikapanda miti ya matunda pamoja na mizabibu. Mwaka uliofuata Haraszthy alichaguliwa kuwa sherifu wa kwanza wa kaunti hiyo. Baadaye alijaribu kulima karibu na San Francisco, lakini ukungu wa bahari ulizuia zabibu kuiva vizuri.

Akiwa mtumishi wa kiwanda cha serikali cha sarafu mjini San Francisco, alishtakiwa kwa upotevu wa dhahabu. Kesi ilidumu miaka kadhaa, na mwaka 1861 mahakama ilimwona hana hatia.

Buena Vista

Mwaka 1857 alinunua shamba katika bonde la Sonoma, akaliita Buena Vista. Hapo jua na udongo vilifaa. Wafanyakazi Wachina walichimba mahandaki ya kuhifadhia divai ndani ya mlima. Mwanawe Attila alisaidia shambani, naye Arpad, aliyejifunza kutengeneza divai ya povu nchini Ufaransa, alisimamia utengenezaji.

Mwaka 1861 Haraszthy alizunguka Ulaya na kuleta miche zaidi ya 100,000 ya mizabibu. Serikali ya jimbo ilikataa kumlipa gharama hizo. Mwaka 1863 shamba likawa mali ya kampuni ya wanahisa. Mwaka huohuo Attila na Arpad waliwaoa mabinti wawili wa Mariano Vallejo, kiongozi maarufu wa Sonoma.

Gharama zilizidi mapato, na mizabibu ikaanza kudhoofika kutokana na wadudu wa filoksera, ambao wakati huo hawakujulikana. Wanahisa walimlaumu Haraszthy kwa mbinu zake, akalazimika kuondoka.

Kifo

Mwaka 1868 alihamia Nikaragua kulima miwa. Eleonora alifariki huko kwa homa ya manjano. Mwaka uliofuata Haraszthy alitoweka mtoni. Inadhaniwa aliliwa na mamba. Mwili wake haukupatikana.

Urithi

Arpad alieneza habari kwamba baba yake ndiye aliyeleta California zabibu mashuhuri ya Zinfandel. Wanahistoria wameonyesha kwamba zabibu hiyo ilikuwepo mashariki mwa Marekani tangu miaka ya 1830, na uchunguzi wa DNA umethibitisha kwamba asili yake ni Kroatia. Mizabibu ilikuwepo California kabla yake pia, kwa kuwa wamisionari Wahispania waliipanda. Mchango wake halisi ulikuwa kuonyesha kwamba aina bora za Ulaya zinaweza kustawi Sonoma, na kuwafundisha wengine kupitia kitabu alichokitoa mwaka 1862. Majengo ya mawe ya Buena Vista yapo hadi leo.