Mlinda Lango na Watoto Wasiozaliwa

Wahenga hutuambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Mimi ambaye kazi yangu ni isimu naomba kuitilia shaka methali hiyo kwa kuangalia maisha ya Georges Vézina, mlinda lango mashuhuri wa Kanada katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Vézina alizaliwa mwaka wa 1887 huko Chicoutimi, katika jimbo la Quebec, ambako wenyeji husema Kifaransa. Kwa miaka mingi ya ujana wake alilinda lango akiwa amevaa viatu vya kawaida, wala si vile vyenye vyuma vya kutelezea. Mnamo Februari 1910, timu ya kulipwa ya Canadiens ilitoka Montreal kwenda Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki. Wageni hao mashuhuri hawakupata hata bao moja. Kabla ya mwaka huo kwisha, walikuwa wamemsajili.

Tangu hapo hakukosa mechi hata moja kwa muda wa miaka 15, na walinda lango wa zama hizo hawakuvaa kinyago cha kukinga uso. Aliisaidia timu yake kutwaa Kombe la Stanley mwaka wa 1916 na tena 1924. Tarehe 28 Novemba 1925 aliingia uwanjani akiwa na homa kali, na baada ya kipindi cha kwanza akazidiwa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Alifariki kwao Chicoutimi tarehe 27 Machi 1926, akiwa na umri wa miaka 39.

Meneja wake, Léo Dandurand, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Vézina hakujua Kiingereza na kwamba alikuwa na watoto 22. Habari hiyo ilichapishwa, ikaaminiwa kwa miaka mingi. Kumbe watoto wake walikuwa wawili tu, na Kiingereza alikisema, ingawa kwa kubabaika.

Kwa nini watu waliamini? Naona ni kwa sababu Wafaransa wa Quebec walijulikana kwa familia kubwa, na uongo unaofuata dhana iliyopo hauulizwi maswali. Isitoshe, mwenyewe alikuwa mtu mkimya. Asiyeimudu lugha ya magazeti husimuliwa na wengine.

Wala Dandurand hakuwa adui. Alikuwa miongoni mwa wenye timu waliotoa kikombe chenye jina la Vézina, ambacho hutuzwa mlinda lango bora tangu 1927. Rafiki naye huweza kutupotosha.

Basi, walimu wenzangu, tunapowatuma wanafunzi kuandika maisha ya wazee wa vijijini mwao, tuwahimize wamhoji mzee mwenyewe kwa lugha yake, si mkalimani wala jirani. Na wakiambiwa idadi ya watoto, wawaulize majina yao mmoja mmoja.