Paul Fitts

Paul Morris Fitts (6 Mei 1912 – 2 Mei 1965) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi watu wanavyotumia mitambo na kwa nini wanakosea. Anajulikana hasa kwa Kanuni ya Fitts ya mwaka 1954, inayokadiria muda ambao mtu anahitaji ili kufikisha mkono kwenye shabaha. Hakuwahi kutengeneza kompyuta, na alifariki kabla kipanya hakijaanza kuuzwa. Hata hivyo kanuni yake ni kati ya mambo ya kwanza wanayofundishwa wanafunzi wa mahusiano ya binadamu na kompyuta.

Maisha ya awali

Fitts alizaliwa Martin, mji mdogo wa jimbo la Tennessee. Alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka 1938 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester. Alirudi Tennessee kufundisha, lakini Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimpeleka katika jeshi la anga.

Makosa ya marubani

Jeshi la anga lilikuwa likipoteza ndege nyingi bila kupigwa na adui. Ajali ilipotokea, mara nyingi iliandikwa kwamba rubani amekosea, na uchunguzi uliishia hapo. Dawa iliyofikiriwa ilikuwa kuchagua marubani bora zaidi au kuwafundisha upya.

Mwaka 1945 Fitts aliwekwa kuongoza tawi la saikolojia la maabara ya tiba ya anga katika kituo cha Wright Field, Ohio. Pamoja na Richard Jones aliwaomba marubani wasimulie kosa walilolifanya wenyewe au waliloliona likifanywa na mwenzao. Katika ripoti yao ya mwaka 1947 walichambua makosa 460 ya kutumia vidhibiti. Karibu nusu yalikuwa ya namna moja: rubani alishika kidhibiti kimoja akidhani ni kingine. Alitaka kurudisha vibawa vya nyuma ya mabawa, akakunja magurudumu ndege ikiwa bado chini.

Sababu ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Wenzo za kazi tofauti zilikaa jirani na kufanana kwa umbo. Mpangilio nao ulibadilika kutoka ndege hadi ndege: katika B-25 wenzo wa kuongeza nguvu ya injini ulikuwa upande wa kushoto wa wenzo wa rafadha, na katika C-47 ilikuwa kinyume chake. Rubani aliyezoea ndege moja alihamia nyingine na mazoea yake, na mazoea hayo yaliweza kumuua. Ripoti nyingine ilihusu makosa 270 ya kusoma vipimo, yakiwemo ya kipima kimo chenye mishale mitatu, ambacho kiliweza kusomwa vibaya kwa futi 1,000 nzima.

Fitts na Jones walikataa kuliacha neno "kosa la rubani" liwe jibu. Walionyesha kuwa makosa ya aina ileile yaliwapata hata marubani wenye uzoefu mkubwa, kwa hiyo kifaa ndicho kilichopaswa kurekebishwa. Mwanasaikolojia mwingine, Alphonse Chapanis, alifikia hitimisho kama hilo. Hadi leo wenzo wa magurudumu katika ndege za abiria una kishikio chenye umbo la gurudumu, ili mkono uutambue bila macho.

Kanuni ya Fitts

Mwaka 1949 Fitts alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Huko alifanya jaribio lililompa jina. Watu 16 walishika kijiti cha chuma na kugonga mabamba mawili kwa zamu, haraka wawezavyo. Fitts alibadilisha upana wa mabamba, kuanzia robo inchi hadi inchi 2, na umbali kati yake, kuanzia inchi 2 hadi 16.

Muda wa kila mgongo ulitegemea uwiano wa umbali na upana. Umbali ukiwa maradufu, muda hauwi maradufu. Huongezeka kwa kiasi kilekile kila mara. Kupunguza upana wa shabaha kwa nusu kuna athari sawa na kuongeza umbali maradufu. Fitts alitumia nadharia ya habari iliyotolewa na Claude Shannon mwaka 1948, akapima ugumu wa mwendo kwa biti, kama vile mkono ungekuwa waya wa simu.

Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr walipima vifaa vya kuchagua maandishi kwenye skrini katika kituo cha utafiti cha Xerox, California. Kipanya kilishinda, na mwendo wake ulifuata kanuni ya Fitts. Kutokana na kanuni hiyo wabunifu wanajua kwamba kitufe kidogo kilicho mbali humchelewesha mtumiaji, na kwamba menyu iliyo ukingoni mwa skrini ya kompyuta ni rahisi kuifikia, kwa sababu mshale hauwezi kuupita ukingo.

Kazi nyingine

Mwaka 1951 Fitts alihariri ripoti kuhusu uongozaji wa ndege angani, yenye orodha ya mambo ambayo binadamu huyafanya vizuri kuliko mashine na yale ambayo mashine humshinda. Orodha hiyo bado inajadiliwa katika utafiti wa mitambo inayojiendesha, ingawa si yote iliyodumu: uwezo wa kuhifadhi habari nyingi kwa muda mrefu uliwekwa upande wa binadamu.

Kuanzia 1958 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambako Michael Posner alikuwa mwanafunzi wake. Kitabu chao kuhusu utendaji wa binadamu kilitoka mwaka 1967. Fitts hakukiona, alifariki siku nne kabla ya kutimiza miaka 53.