Ibn al-Baytar na chupa zisizo na jina

Kila baada ya swala ya Ijumaa, nje ya msikiti ninaoswali, hupangwa mezani asali, habbasoda na unga wa majani ambao muuzaji hasemi ni wa mti gani. Unaambiwa tu ni dawa ya Sunna, inatibu kisukari, presha na hasadi. Baba yangu mdogo alinunua unga huo, akaacha vidonge vyake vya kisukari, na miezi miwili baadaye tukamkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Alhamdulillahi, alipona. Tangu hapo nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari za Ibn al-Baytar (Allah amrehemu), bingwa wa miti shamba ambaye vijana wetu wengi hawamjui.

Alizaliwa Malaga, Andalusia, mwishoni mwa karne ya 12. Jina lake lina maana ya mtoto wa tabibu wa wanyama. Alisoma Sevilla kwa Abul-Abbas an-Nabati, wakikusanya mimea pamoja nje ya mji. Mwalimu huyu alikuwa pia mwanachuoni wa hadithi, na mimi naona jambo hili si dogo. Mtu wa hadithi haipokei habari mpaka ajue nani kaisema na kaipata wapi. Mwanafunzi akaufanyia mmea vivyo hivyo.

Yapata mwaka 1220 aliiacha Andalusia, akapita Afrika ya Kaskazini akichunguza mimea, akafika hadi nchi ambayo leo ni Uturuki. Baadaye Sultani al-Kamil wa Misri, mtoto wa nduguye Salahuddin, alimfanya mkuu wa wataalamu wa mitishamba. Mwaka 633 Hijria alikuwa Damascus, na huko alikutana naye Ibn Abi Usaybia, mwandishi mashuhuri wa historia za matabibu. Walitoka pamoja viungani mwa mji kutazama mimea. Ibn al-Baytar alikuwa akiutaja mmea kwa jina lake la Kiyunani, kisha anaeleza Dioscorides kasema nini, Galen kasema nini, wapi wamehitilafiana na wapi wamekosea, huku akitaja hata mahali penyewe kitabuni. Kisha wanafungua vitabu na kukuta ni hivyo hivyo.

Kitabu chake kikubwa, al-Jami, kina vitu takriban 1,400 kwa mpangilio wa alfabeti, na kimenukuu waandishi wapatao 150, kila kauli na mwenyewe. Jina la kitabu linataja dawa na vyakula pamoja, kwani wazee wale hawakuweka ukuta kati ya jiko na duka la dawa. Lakini tazameni alichojiwekea kama sharti: kueleza manfaa ya kitu, madhara yake, namna ya kuyaondoa madhara hayo, kipimo cha kutumia, na mbadala wake kisipopatikana. Aliandika pia majina ya mimea kwa lugha mbalimbali, Kiberber kikiwemo, ili mtu asichukue mti huu akidhani ni ule.

Ndugu zangu, haya ni mambo ya karne ya 13! Nilipomwuliza yule muuzaji wetu unga wake ni wa mti gani na kipimo chake ni kipi, alinijibu kuwa ni siri ya babu yake. Je, hiyo ndiyo Sunna?

Wapo watakaosema mwalimu huyu anapinga tiba za asili. Hapana. Hadithi ya habbasoda imo katika Bukhari na nyumbani kwangu haikosi. Ninachokataa ni jina la Mtume (s.a.w.) kubandikwa kwenye chupa ambayo hata mwenyewe haijui.

Ibn al-Baytar alifariki Damascus mwaka 1248. Baba mdogo bado anakula habbasoda kwa asali kidogo sana, vidonge anameza, na daktari wake wa kliniki ameambiwa.