Samori: Muvi ya Ndoto ya Ousmane Sembène Ambayo Hatutawahi Kuicheki

Kama ulifanya Historia sekondari, Samori Toure unamjua. Ni yule kiongozi wa Wamandinka aliyesumbua Wafaransa Afrika Magharibi kutoka 1882 hadi wakamshika 1898. Wengi wetu tulikariri sababu za yeye kushindwa, tukaziandika kwa mtihani na tukasahau.

Kuna mzee mmoja wa Senegal ambaye hakusahau. Alitaka hiyo stori iingie kwa skrini kubwa, na farasi, bunduki na kila kitu. Aliibeba kichwani miaka mingi sana. Akaaga 2007 bila kuishuti.

Huyo ni Ousmane Sembène, msee anayeitwa baba wa filamu za Afrika.

Sembène hakuzaliwa na doo. Alizaliwa 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Shule walimfukuza mapema, akaingia mtaani kuhasla: mara uvuvi, mara mjengo, mara ufundi wa magari. Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta, akavaa magwanda ya jeshi la Ufaransa. Vita vilipoisha akaenda Marseille kupakua mizigo bandarini, kazi iliyomvunja mgongo, na hapa si kwa kusema tu. Alipolazwa chini na maumivu ndipo vitabu vilimshika kabisa. Mwaka wa 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza, kuhusu kuli mweusi wa bandari.

Shida ikawa moja. Aliandika kwa Kifaransa, na watu wa nyumbani aliokuwa anawaandikia wengi hawakujua kukisoma. Akiwa karibu miaka 40, umri ambao wengi washakata tamaa, akaenda Moscow kusomea filamu.

Aliporudi hakukawia. Mwaka wa 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi ya mwenye mkokoteni Dakar anayezunguka siku nzima kisha karao anamnyang'anya mkokoteni. Mtu wa Gikomba hahitaji kutafsiriwa hiyo. 1966 ikafuata La Noire de..., ya dada wa kazi anayepelekwa Ufaransa akiahidiwa maisha poa, kisha anafungiwa kwa nyumba ya mabosi. Ukifikiria masista wetu wanaoenda Gulf, utaona stori haijazeeka.

Hapa ndipo utaelewa kilichoiua Samori. Wakati huo, mfuko mkubwa wa filamu kwa nchi zilizotawaliwa na Ufaransa ulikuwa wa Ufaransa yenyewe. Ofisi yao ya filamu ilisoma skripti ya La Noire de... ikadinda kutoa pesa. Sembène akaitengeneza hivyo hivyo. Lakini hiyo ilikuwa filamu ya watu wachache ndani ya nyumba. Samori ilikuwa kitu ingine. Hiyo ni vita ya miaka 16, majeshi ya farasi, vijiji vinavyochomwa ili adui asipate chakula, na wahunzi wanaokaa chini kunakili bunduki za mzungu. Gharama ilikuwa noma. Na ungemwendea nani na bakuli, wakati maadui kwa hiyo stori ndio wenye mfuko?

Nyumbani nako hakukuwa rahisi. 1977 alitoa Ceddo, inayogusa dini na biashara ya watumwa. Serikali ya Rais Senghor ikaifungia. Sababu waliyotoa? Eti jina limeandikwa na d mbili badala ya moja. Sembène naye hakuondoa hata d moja.

Baada ya hapo ikapita miaka 11 bila filamu mpya. Kipindi hicho Samori ilikuwa mezani kwake, anaandika, anatafuta chapaa, na chapaa haitoshi. Alipotoka tena 1988 alikuja na Camp de Thiaroye, kuhusu wanajeshi Waafrika waliopigwa risasi na jeshi la Ufaransa Desemba 1944 kwa sababu walidai mishahara yao. Pesa ilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Ufaransa haikuweka hata ndururu. Venice wakampa tuzo. Kumbe Waafrika wakichanga inawezekana. Ila mchango wa saizi ya Samori haukuwahi kufika.

Mzee hakukaa kulia. Alitoa Guelwaar, akatoa Faat Kiné, na 2004, akiwa 81, akatoa Moolaadé, kuhusu mama anayewakinga wasichana wasikeketwe. Ilishinda tuzo Cannes. Alikuwa tayari anapanga nyingine, Undugu wa Panya, kuhusu ufisadi. Hiyo nayo haikutoka. Juni 2007 akafia nyumbani kwake Dakar, akiwa 84. Nyumba yenyewe alikuwa ameipa jina Galle Ceddo, na d zake zote mbili.

Samori mwenyewe hakuwa malaika. Aliuza mateka ili apate farasi na silaha, na kuna miji ya Waafrika wenzake aliyoichoma. Ndiyo maana hiyo muvi inauma zaidi kuikosa. Aliyeweza kuonyesha jamaa mzima, na mazuri na mabaya yake, alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuogopa kukosoa watu wake. Sisi tumebaki na kurasa chache za kitabu cha shule.

Leo nyaraka za Sembène zimehifadhiwa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Msee alipigana maisha yake yote ili stori zetu zisitegemee pesa za nje, na sasa mtafiti wa Dakar anayetaka kusoma karatasi zake lazima atafute viza kwanza.

Kama hujawahi kucheki kazi yake, anza na Borom Sarret. Ni dakika kama 20 tu, haifiki hata ile jam ya kutoka tao hadi kwako.