Maisha ya George Eastman, Tajiri Aliyetoa kwa Siri

Katika sanduku la kila mzee wetu, chini ya vyeti na barua za zamani, hapakosi picha moja au mbili: ya arusi, ya mtoto siku alipokwenda shule, au ya kamati iliyopangwa mbele ya nyumba ya mikutano. Zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya fundi peke yake. Aliyeifanya kazi hiyo iwezekane kwa kila mtu aliitwa George Eastman, mwenye viwanda wa Marekani. Tumeona yafaa kuyaandika maisha yake katika taarifa yetu ya mwaka huu, kwa kuwa chama chetu ni cha kuweka akiba na kusaidiana, na maisha ya bwana huyo yana mafunzo katika mambo hayo mawili. Mengi ni ya kuigwa. Moja ni la kuonya.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 katika kijiji cha Waterville, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa na chuo cha kufundisha mambo ya biashara katika mji wa Rochester, lakini alifariki mwaka wa 1862, na mtoto hajatimiza miaka minane. Mama yake, Bibi Maria, alibaki na watoto watatu, akapangisha vyumba ili wapate kula. Dada mmoja alikuwa kilema kwa ugonjwa wa kupooza, naye akafa mwaka wa 1870. Ilipofika mwaka wa 1868 George aliacha shule, akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Tangu siku zile aliandika katika daftari kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka. Mwaka wa 1874 alipata ukarani katika benki ya akiba, na mshahara ukapita dola 15 kwa juma.

Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alinunua kamera, kwa kuwa alikusudia kusafiri. Safari hakwenda, bali kamera ilimshika moyo. Siku hizo mpiga picha alichukua mzigo wa mtu mzima: kamera kubwa, hema la giza, chupa za dawa, na vioo vilivyopakwa dawa mbichi papo hapo. Eastman alisikia ya kwamba Waingereza wamepata njia ya kutengeneza vioo vikavu vinavyoweza kuwekwa na kutumiwa baadaye. Basi mchana alifanya kazi benki, na usiku alichemsha dawa katika jiko la mama yake, na mara nyingine usingizi ulimchukua hapo hapo sakafuni. Mwaka wa 1879 alipata hati ya Uingereza ya kulinda mashini yake ya kupaka vioo. Mwaka wa 1880 alikodi chumba, na mwezi wa Januari 1881 akaungana na Bwana Henry Strong, aliyekuwa mpangaji wa mama yake, wakaanzisha kampuni.

Mara msiba ukawajia. Vioo walivyokwisha kuuza viliharibika katika maduka, visishike picha tena. Kampuni ilikuwa changa, na fedha zake chache. Wengine wangalisema kwamba mali ikishauzwa ni shauri la mnunuzi. Eastman alivirudisha vioo vyote, akawapa wenye maduka vingine badala yake, akafunga kazi mpaka ajue kosa. Alivuka bahari mpaka Uingereza kutafuta sababu, akaona ya kuwa ubaya ulikuwa katika gelatini. Hasara ile ilikuwa kubwa, lakini jina lake likawa jina la kuaminiwa, na juu ya jina hilo akajenga mali yake yote.

Mwaka wa 1888 alitoa kamera ndogo aliyoipa jina la Kodak, neno alilolibuni mwenyewe. Bei yake ilikuwa dola 25, na ndani yake mlikuwa na utepe wa kutosha picha 100. Mwenye kamera akiisha kuzipiga aliipeleka yote kiwandani Rochester, na kwa dola 10 akarudishiwa picha zake pamoja na kamera iliyotiwa utepe mpya. Mwaka wa 1900 ilitoka kamera ya Brownie kwa dola moja tu, hata watoto wakaweza kupiga picha.

Tusimfanye malaika. Katika biashara alikuwa mkali, akinunua kampuni za washindani wake mpaka mahakama ya Marekani, mwaka wa 1915, ikaamua kwamba kampuni yake imevunja sheria kwa kuyashika masoko. Tena kasisi mmoja, Hannibal Goodwin, aliyeomba hati ya kulinda utepe wa filimu mwaka wa 1887, alikufa mwaka wa 1900 kabla ya kupata faida yake. Mwaka wa 1914 ndipo Kodak ilipolipa dola milioni 5 kwa kampuni iliyokuwa na hati ile.

Hata hivyo mali haikumpa kiburi cha kujionyesha. Hakuoa, hakupenda kutangazwa, na katika mji wake mwenyewe aliweza kupita njiani bila watu kumtambua. Mwaka wa 1912 alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida kila mwaka, juu ya mshahara wao. Mwaka wa 1919 aliwaachia theluthi ya hisa zake mwenyewe, zenye thamani ya dola milioni 10. Chuo cha ufundi cha Massachusetts kilipokea mamilioni yake tangu mwaka wa 1912, naye akaagiza atajwe kwa jina la Bwana Smith. Wanafunzi walimshukuru Bwana Smith kwa miaka mingi pasipo kumjua, hata siri ilipofunuliwa mwaka wa 1920. Alijenga shule ya muziki na kusaidia kuanzisha shule ya uganga Rochester, na hospitali za meno za watoto huko na katika London, Paris, Roma, Brussels na Stockholm. Katika maisha yake alitoa zaidi ya dola milioni 100. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini huyu alikuwa na vyote viwili.

Mwaka wa 1926, akiwa mzee wa miaka 72, alifika kwetu Kenya kuwinda na kuona nchi. Lakini kwa Mwafrika habari yake kubwa zaidi ni ya mwaka wa 1924. Mwezi wa Desemba mwaka huo alitoa dola milioni 30 kwa siku moja, na katika waliopewa walikuwamo Hampton na Tuskegee, vyuo vya watu weusi. Wazee wanaoikumbuka Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka wa 1925, wanajua kwamba mafunzo yake yalifuata mfano wa vyuo hivyo viwili.

Hapa ndipo penye onyo. Mtu huyu aliyewasomesha weusi wa kusini kwa mamilioni, katika viwanda vyake mwenyewe Rochester aliajiri weusi wachache mno. Mkono ulifika mbali, na mlango wa karibu ukabaki umefungwa. Desturi hiyo ilidumu baada yake. Mwezi wa Julai 1964 ghasia zilizuka Rochester, na mwaka uliofuata weusi wa mji ule wakaunda chama chao, wakaidai kampuni nafasi za kazi, mpaka wakapatana mwaka wa 1967.

Eastman hakuyaona hayo. Uzeeni alishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, kutembea kukawa taabu, na tarehe 14 Machi 1932 alijitoa uhai mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 77. Kampuni yake nayo, baada ya picha za elektroniki kuenea, iliomba kinga ya mahakama juu ya madeni mwezi wa Januari 2012. Vyuo alivyovisaidia vingali vinafundisha.

Wanachama wenzetu, sisi hatuna mamilioni, lakini tuna daftari kama lake. Katika kurasa zake tunaandika tulichokusanya na tulichotoa, na hesabu ikilingana tunafurahi. Maisha haya yanatutaka tuulize swali moja zaidi kabla ya kulifunga: ni nani aliyebisha hodi mlangoni petu mwaka huu, na je, tulimfungulia?